Spika Niliyoivika Kofia

Kazi yangu ya halali ilikuwa kushona kofia. Nilishona barazani kwetu Lamu, kofia za vito, yaani za vitundu vilivyozungushiwa uzi, miezi miwili mitatu kwa kofia moja, na mkono wangu ulikuwa mzuri. Hilo nalisema bila haya kwa kuwa ndilo jambo pekee katika habari hii ninaloweza kujisifia. Kazi yangu ya pili, niliyojipa mwenyewe bila kuombwa na mtu, ilikuwa kutengeneza spika za zamani. Hiyo ndiyo iliyonitangaza mjini, na nilitangaa vibaya.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikwenda Mombasa nikakaa miezi mitano kwa mjomba wangu. Karibu na nyumba yake palikuwa na fundi wa redio, Mhindi mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa macho na mwingine wa kazi. Nilikuwa nikisimama mlangoni pake nikimtazama. Hakunifundisha kitu. Mara moja aliniambia nisogee kwa sababu namzibia mwanga, na mara ya pili alinituma chai. Niliporudi Lamu nilisema nimejifunza ufundi wa redio Mombasa, na kwa bahati mbaya watu waliniamini.

Redio mpya za wakati ule zilikuja na spika tumboni mwake. Zile za kale, za kabla ya vita, spika yake ilikaa mbali, ndani ya sanduku lake la mbao lenye kitambaa mbele, ikaunganishwa na redio kwa waya. Redio zenyewe zilikuwa zimekufa zamani, lakini masanduku yalibaki stoo za watu, kwa kuwa mbao zake zilikuwa nzuri na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitupa. Nilizikusanya. Moja niliibadilisha kwa kofia nzima, kazi ya wiki kumi, na mwenyewe aliondoka mbio nisije nikageuza nia. Mama alisema nimeigeuza sebule yake kuwa makaburini.

Ndani ya spika ya namna hiyo mna sumaku, mna ulimi mdogo wa chuma unaotikisika kati ya ncha za sumaku, na mna sindano inayoupeleka mtikisiko ule kwenye karatasi nene iliyokunjwa mfano wa kawa la kufunikia chakula. Karatasi ndiyo inayosema. Kwetu karatasi hiyo haidumu: chumvi huilegeza, mende huimaliza. Ya kwanza niliyotengeneza kwa ajili ya mtu ilikuwa ya bwana mmoja wa Faza. Niliunda karatasi mpya nikaigandisha kwa uji mzito wa ngano, ikasema vizuri, nikamuaga kwa maringo. Baada ya siku tisa alirudi na spika mikononi. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nimemtengenezea spika au nimemtengenezea chakula cha panya.

Hapo nilikaa nikajiuliza ni kitu gani hasa ninachokijua duniani. Jibu lilikuwa bafta, kitambaa cha kofia, na wanga. Basi nikakata bafta, nikaishona mfano wa kawa, nikaitia wanga kama tunavyozitia kofia, nikaivalisha kwenye gogo la kukaushia kofia mpaka ikakakamaa. Ile ya kwanza, kwa mazoea ya mkono, niliitia vito pande zote. Ilipendeza mno. Ila pumzi yote ilipita kwenye vile vitundu, na msomaji wa habari akawa anasoma kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele. Ya pili niliiacha wazi bila vito, nayo ikasema. Mji mzima ukapata la kusema pia. Watu walinisimamisha njiani wakaniuliza kama spika zangu zina udhu, na kama Ijumaa zitanitangulia msikitini.

Ndivyo nilivyokuwa siku aliponijia Bi mmoja mtu mzima, amejifunika buibui, akasimama mbele ya baraza.

"Wewe ndiwe fundi wa spika?"

"Ndimi, Bi."

"Yule wa Faza?"

Nikamwambia yule wa Faza ana panya wengi mno nyumbani kwake.

Nilimjua ni nani. Mkabala na duka la mtaani kwetu, ng'ambo ya uchochoro, palikuwa na nyumba ya bwana mmoja aliyekuwa akiuza boriti. Bwana huyo alifariki mwezi wa Rajabu, mkewe akakaa eda, na huyu Bi alikuwa dada yake mkubwa yule mjane, amekuja kumtunza. Mjane alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, naye alikuwa Mombasa huu mwaka wa tatu. Kuondoka kwake tulikushuhudia sote. Babake alimtaka amuoe binti ami yake, kijana akakataa, na mzee akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani kwamba akiuvuka mlango ule ajue ameuvuka bila radhi zake. Kijana akauvuka.

"Mwana ameandika," Bi aliniambia. "Alhamisi baada ya alasiri atasoma Kurani redioni. Nyote mutamsikia hapo dukani. Mamake yuko edani, hatoki. Yeye peke yake ndiye asomsikia."

"Kwani kijana mwenyewe hatakuja, Bi? Babake amekufa."

"Hataki kuya. Asema radhi za babake zimempita, hana uso wa kungia nti hii. Ndugu yangu amemwandikia mara tatu kwamba babake alimuwia radhi kabla ya kukata roho. Hasadiki. Asema mamake ampoza moyo tu."

Nikauliza, na swali halikunihusu, kama kweli mzee alitoa radhi. 

"Alikuwa na mkewe peke yao. Nani mwengine atakayeshuhudia?" Kisha akasema, "Hiyo sauti ndiyo alobakiwa nayo. Akiikosa, mwana amekwenda zake, na mume amekwenda zake."

Niliomba siku nane. Akaniambia Alhamisi ni siku ya tano. Nikasema siku tano ni nyingi sana, nilitaja nane kwa heshima tu.

Kuipeleka redio nyumbani kwa mjane kulikuwa hakuwezekani. Mwenye duka alikuwa nayo moja, betri yake nzito kama jiwe la kusagia, na waya wa kunasia mawimbi ulikuwa umefungwa juu ya dari yake. Zaidi ya hayo asingekubali redio yake itoke mbele ya macho yake hata kwa kadhi. Kilichowezekana ni kutoa waya nyuma ya redio, kuuvusha juu ya uchochoro mpaka dirishani kwa mjane, na kuuunganisha na spika. Na spika walikuwa nayo. Marehemu aliwahi kuwa na redio kabla ya vita. Redio ilikufa, sanduku la spika likabaki stoo chini ya mikeka.

Nililifungua sanduku lile barazani, na sikuwa na haja ya kutafuta watazamaji. Ndani mlikuwa na nyumba ya nyigu ya udongo, mabawa ya mende, na karatasi iliyobaki ukingo mtupu. Sumaku ilikuwa imeota kutu. Nilihangaika nayo siku nzima, nikiisugua kwa mchanga laini na mafuta ya taa. Kisha nikatafuta mahali palipokatika waya wa ndani ya spika, na waya wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko unywele, umezungushwa mara elfu na zaidi. Niliukuta umekatika ukingoni, alhamdulillahi, maana ungekatika katikati nisingekuwa na la kufanya ila kuhama mji. Niliulehemu kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la makaa, mama akiwa amesimama nyuma yangu akiuliza wali wake utapikwa lini.

Kazi ngumu ilikuwa ule ulimi wa chuma. Ukikaribia sumaku mno unanata, ukiwa mbali mno unanong'ona. Yule Mhindi wa Mombasa alikuwa na vipande vya bati vya kupimia nafasi. Mimi nilikuwa na sindano za kofia. Namba moja ilikuwa nene mno, namba mbili nene kidogo, ya tatu ikapita sawasawa bila kukwama, nikakaza skrubu. Mpaka leo naamini hiyo ndiyo kazi bora niliyopata kuifanya, na ndiyo maana inaniuma jinsi ilivyokwenda.

Bafta ya kwanza niliianika uani, mbuzi wa jirani akaila kwa sababu ya wanga. Ya pili niliilinda mwenyewe, nimekaa kando yake na fimbo. Jumatano nilibeba spika mpaka dukani. Mwenye duka alinigeuzia redio, mgongo ukanitazama. Nyuma palikuwa na matundu jozi mbili: jozi moja ya kutolea sauti kwenda spika, na jozi nyingine ya kuingizia sauti ya gramafoni, ili redio iikuze. Nilichomeka waya wangu jozi ya kulia, na kofia ile ikaanza kusema. Ilisema wazi, bei za nazi na habari za meli, kila neno mahali pake. Watu waliokuwa barazani walinyamaza. Mmoja akakubali kwamba najua kazi, akasema, "Kumbe yuayua," na nikaona neno hilo linafaa kuandikwa kwenye mlango wangu.

Mwenye duka akaniuliza jozi ile nyingine ni ya nini. Nikamweleza kwa kirefu kuliko alivyohitaji. Nikamwambia spika kulia, gramafoni kushoto, na kwamba mimi siwezi kusahau kwa kuwa kulia ndiko kwenye heri.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, watu walikuwa wamekwisha kujaa. Walikuwa wanaume tisa barazani pa duka, pamoja na mwenye duka na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemfundisha kijana yule alifu na bei. Mimi nilikuwa wa kumi, nimevaa kanzu ya Idi. Waya nilikuwa nimekwisha kuuvusha. Dada mtu aliipokea spika akaipandisha juu kwa ndugu yake. Tulikuwa tumepatana kwamba dada mtu asiposikia kitu atatikisa pazia la dirisha, nami nitajua pana kasoro.

Redio ilikuwa imerudishwa kwenye rafu yake, mgongo ukutani, na saa ilikuwa imefika. Sikuona haja ya kuigeuza. Nilisimama mbele yake, nikapitisha mkono juu yake mpaka nyuma, nikapapasa matundu kwa vidole, nikasema bismillahi, nikachomeka kulia. Kulia kwangu mimi niliyesimama mbele. Mtoto wa chuo angejua kwamba ukikizunguka kitu, kulia kwake kunahama. Mimi nilikuwa na kanzu ya Idi na sikuwa na nafasi ya kufikiri.

Nikatazama dirishani. Pazia lilikuwa limetulia. Nikakaa mahali pa mbele, nikakunja mikono.

Kitu nisichokijua, nikakijua baadaye, ni kwamba mjane alimwomba dada yake ashuke jikoni. Alitaka kuwa peke yake na sauti ya mwanawe. Hapakuwa na mtu wa kutikisa pazia, na yeye mwenyewe alidhani ukimya ule ndio mwanzo wa mambo, kwamba sauti iko njiani yaja.

Mtangazaji alitaja kijana wa Lamu. Kijana akaanza kusoma. Nisiseme mengi juu ya sauti ile. Yatosha kusema kwamba mwalimu wake aliinamisha kichwa na kofia ikamfunika macho. Kwetu Kurani ikisomwa watu hunyamaza na kusikiliza, hilo halina mjadala. Hakuna aliyekohoa.

Kisha, chini ya kisomo, tukasikia mtu anapumua.

Nilidhani ni kituo kingine kimeingilia. Halafu ile pumzi ikasema, karibu kabisa, kama mtu aliyekaa nasi barazani:

"Mwanangu. Mbona huneni?"

Watu tisa walinigeukia kwa macho peke yake. Nilijua papo hapo. Ile spika, kwa kuchomekwa pasipo pake, ilikuwa imegeuka sikio. Kofia yangu ilikuwa inatikiswa na pumzi ya yule mama, na redio ilikuwa inaichukua sauti yake na kuikuza, kama ambavyo nilimweleza mwenye duka kwa kirefu. Mwanawe alikuwa akisikika na sisi sote ila yeye, na yeye, mwanamke wa ndani, aliye edani, alikuwa akisikika na wanaume kumi.

"Waniskia?" alisema. "Wamenambia waya huu wenda mpaka kwako. Basi sikiza. Babako alikuwia radhi. Alitaya jina lako siku ya kufa kwake, akasema, mwambie nimemuwia radhi, aye azuru kaburi langu. Sikupozi moyo, mwanangu. Wallahi ni kauli yake. Ndoo nyumbani."

Tulikuwa tumenaswa. Kusema hatuwezi, Kurani inasomwa. Kuinuka na kuondoka hatuwezi, kwa sababu hiyo hiyo. Kuizima redio ni kumkatiza msomaji aya katikati. Na kumsikiliza yule mama ilikuwa haifai hata kidogo. Mmoja alijiziba masikio, akakumbuka anaziba na Kurani, akazibua. Mwenye duka alikuwa akinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Ndoo nyumbani," alisema tena, akimwita mwanawe aje. Sauti ikamvunjika. "Au ungali na hasira? Nami ninenee neno moya tu. Ndoo nyumbani."

Nilitambaa kwa magoti mpaka kwenye rafu, kanzu ikachanika kwenye msumari, nikaingiza mkono na kuung'oa waya. Sauti yake ikakatika. Nikayakosa matundu mara tatu nne. Nilipoupata mahali pake kijana alikuwa amebakiza aya mbili. Nikasikia, kutoka dirishani juu yetu, sauti ile ile ya kisomo ikitoka na upande wa pili wa uchochoro. Aya mbili, na ile kauli ya kufungia kisomo, kisha mtangazaji akaingia na habari za mvua.

Watu waliinuka mmoja mmoja. Hakuna aliyenisema, na ningependa wangenisema. Mwalimu alivaa viatu vyake, kimoja kimoja, akaenda zake. Kwa heshima ya yule mama shauri lilikuwa limekatwa pale pale, bila mtu kufungua kinywa, kwamba hakuna aliyesikia kitu.

Asubuhi yake nikaitwa nyumbani kwa mjane. Nilikwenda nikitarajia kufukuzwa na nilikuwa tayari. Dada mtu alinipokea kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, na sinia mkononi: halua, kahawa, ubani. Alikuwa anacheka.

"Mwenyezi Mungu akujaze heri. Amemsikia. Ilikawia kidogo, lakini mwisho alimjibu. Na yeye amemwambia mwanawe yote alonayo moyoni. Amelala usingizi usiku wa yana, mara ya kwanza tangu msiba."

Nilitia kipande cha halua kinywani ili nisiseme.  Nilijiona ningeweza kukaa kimya, ninywe kahawa, nipokee shukrani na niende zangu nikiwa fundi. Mara nyingi nilikuwa nimepokea sifa zisizo zangu na usingizi haukunipotea. Lakini yule mama angekaa kungoja. Angehesabu siku, akijua mwanawe ameambiwa, na kila siku asiyokuja ingekuwa jibu.

Nikamwambia dada mtu ukweli. Nilimwambia jozi ya kulia na jozi ya kushoto, nikamwambia gramafoni, nikamwambia kwamba kijana hakusikia hata neno moja kwa kuwa waya ule ulikuwa ukiishia dukani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo sinia lilivyokuwa likishuka mikononi mwake.

"Basi alikuwa anena na nani?"

Hapo mlango wa ndani uligongwa kidogo. Mjane alikuwa nyuma yake, amesikia yote. Mwanamke wa eda hazungumzi na mwanamume asiye maharimu wake ila kwa dharura, na sikuwahi kuisikia sauti yake, isipokuwa jana, pamoja na watu tisa wengine.

"Nani alonisikia?" aliuliza.

Nikainamisha kichwa mbele ya mbao za mlango. "Sisi, Bi. Tulokuwa dukani. Nisamehe."

"Wangapi?"

"Tisa. Nami wa kumi."

 Dada mtu alikuwa amekaa chini, kiganja kinywani. Nilifikiria mji wa kuhamia. Kiunga ni mbali, nikawaza, lakini huenda hata huko spika ziko.

"Mwalimu wake alikuwapo?"

"Alikuwapo, Bi."

"Naye alisikia?"

"Alisikia."

Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya hasira.

"Mwanangu asema nampoza. Barua zangu hazisadiki, asema mtu akiandika huchagua maneno. Mimi yana nalikuwa peke yangu, sikuyua kuwa pana mtu. Mwandikie. Mwandikie mulonisikia, neno kwa neno, na wote watie mikono yao. Na kosa lako ulitie."

"Kosa langu, Bi?"

"Ulitie lote. Usipolitia, atauliza wanaume tisa walinisikia wapi."

Basi nikaandika. Nimeandika barua nyingi maishani, na sijapata kuandika nyingine ya namna ile. Nilijaribu kwanza kuipamba. Niliandika kwamba kulitokea hitilafu katika mitambo. Nikaisoma nikaona haieleweki, na mtu asiyeelewa hasadiki. Nikaichana. Mara ya nne niliandika kwamba mimi, mshona kofia, ninayejiita fundi na sikufundishwa na mtu, nilichomeka waya tundu silo kwa kuwa niliona uvivu kuigeuza redio. Na kwa sababu ya upumbavu huo tulimsikia mama yako akisema nawe akidhani yuko peke yake na wewe. Chini yake nikayaweka maneno yake, kama alivyoyasema, na mara alizoyasema.

Kisha nikaanza kuzunguka nayo. Wa kwanza, muuza samaki, aliniambia yeye alikuwa akisikiliza Kurani na hakusikia kingine. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alinikasirikia, akaniuliza nimemuona ni mtu wa kusikiliza wake za watu. Mwenye duka alisema kwamba yeye ana uziwi wa sikio moja, jambo ambalo wateja wake hawakuwahi kuliona katika miaka ishirini. Nilikuwa na kosa langu kwa mwandiko wangu, na hakuna shahidi.

Nikaenda chuoni kwa mwalimu. Aliisoma barua mpaka mwisho, akarudi juu akaisoma tena ile sehemu ya uvivu wangu. Nilingoja aniambie na yeye alikuwa akisikiliza Kurani.

"Nalisikia," alisema. "Nalikuwa nataka nisisikie, na nalisikia kila neno. Kushuhudia ni wajibu." Akachovya kalamu akaandika jina lake, la babake na la babu yake.

Baada ya mkono wa mwalimu wote waliobaki walipata kukumbuka. Mwenye duka alipona uziwi. Kufika magharibi nilikuwa na mikono tisa, na wangu wa kumi, na barua ikavuka kwa mashua, ikaondoka na gari la kwanza la upande wa bara.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa haujaandama. Nilikuwa nimekaa barazani nashona, nikitoboa kito cha mwisho cha mstari, kivuli kikaniangukia kazini. Nilinyanyua macho nikamkuta kijana aliyekonda, ana mzigo begani, na barua yangu mkononi, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka inataka kuachana. Hakuniamkua.

"Ndiwe uloandika?"

Nikasema ndimi.

"Alisema ndoo nyumbani?"

"Alisema."

"Mara ngapi?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilitaka kumweleza habari ya sumaku, na sindano namba tatu, na kwamba siku ya Jumatano spika ile ilisema vizuri mbele ya watu. Nikamtazama usoni na yote yakanitoka.

"Mara tatu," nikasema. "Mara ya tatu alikuwa analia."

Akauvuka uchochoro. Mlango wa babake ulikuwa wazi, lakini hakuingia. Alisimama kwenye daka, mzigo ungali begani. Sauti yake ilikuwa ndogo, wala si ile ya redioni.

"Hodi."

 Kisha nikamsikia mamake nyuma ya mlango wa ndani, na safari hii sikuona haya kusikiliza.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Sema tena," alisema.